Mlanguzi Apeleka Ntheo Kangundo

Kwa aliyekosa magazeti ya wiki zilizopita: jina langu ni Ndunda, mzaliwa wa Muthetheni, na nilikuwa karani katika kiwanda fulani cha simiti kule Athi River mpaka wakatupunguza. Pesa walizonipa za kunifukuza kwa adabu nilizifanya mtaji. Kiangazi kilipokaza, nikanunua ng'ombe watatu waliokonda mbavu nje, nikitegemea mvua ya Novemba ioteshe nyasi, ng'ombe wanenepe, niwauze Krismasi nitoke kwenye shida.

Mvua ikagoma. Ng'ombe wawili wakafa. Mke wangu akafunga nguo zake akaenda kwa dada yake Kitui, na pale langoni aliniita neno moja ambalo sikuliandika wiki jana kwa sababu bado lilikuwa linaniwasha.

"Mlanguzi," alisema.

Hakupiga kelele. Alilisema tu, akabeba begi lake akaenda.

Mimi ni mtu wa kusoma. Nilitoa kamusi ya shuleni niliyokuwa nimeifungia pamoja na sare za kiwandani, nikatafuta. Kulangua, nilisoma, ni kununua vitu kwa bei ya chini ili uviuze kwa faida. Nikarudia kusoma nikitafuta tusi liko wapi, sikuliona. Mwenye duka anafanya nini? Mama wa nyanya pale sokoni anafanya nini? Magazeti ndiyo yaliyoliharibu neno hili kwa kumbandika nalo kila muuza bangi aliyekamatwa, na mke wangu husoma magazeti nusunusu.

Mimi najiita mwekezaji. Vijana wa Syokimau husema investa, huku wakivuta mdomo. Ninachojua ni kwamba majirani zangu ni watu wa kufuga mbuzi hadi ang'oke meno, kisha wanakaa wakililia bei ambayo wangepata mwaka juzi. Hawathubutu chochote. Wakimwona anayethubutu wanamtafutia jina, na wakishalipata wanalala usingizi mzuri.

Niliwadharau wote, na bado nawadharau wengi wao.

Sasa tuje kwa makosa yangu, kwa kuwa ndiyo mnayonunulia gazeti.

La kwanza mnalijua. Mwanangu Ngui, anayefanya kazi katika duka la jumla Syokimau, alinunua mbuzi wa ntheo ya mchumba wake Mutheu wa Kangundo akaniachia niwachunge. Kwa asiye Mkamba: ntheo ni mbuzi watatu ambao upande wa mume huwapeleka nyumbani kwa kina msichana, majike wawili na beberu mmoja. Wakipokelewa, huyo ni mke wako. Wasipopokelewa, hata mkizaa timu nzima ya mpira, mke huna, na watoto ni wa babu yao mzaa mama. Mbuzi hao wa mwanangu niliwauza nikaongezea mtaji wa ng'ombe. Nilipanga kuwarudisha Krismasi, tena na faida juu, na yeye asijue kitu.

La pili nilikuwa nimewaficha. Nina mshirika anayeitwa Bonface, mtu wa rika langu, mwenye pikipiki na ulimi. Kiangazi chote alikuwa akipita vijiji vya milimani Kangundo asubuhi, waume wakiwa mashambani, akinunua mbuzi kwa akina mama waliobanwa. Mbuzi walikwenda moja kwa moja kwa Guled, mfanyabiashara wa mifugo mjini Machakos. Mimi sikuwaona mbuzi wala wenyewe. Niliona faida tu, nayo haikuwa mbaya.

Ni mara moja tu nilipoingilia. Bonface alinipigia simu akiwa kwenye boma la mama mmoja aliyekuwa akiuza majike wawili.

"Huyu mama anasema hawezi shuka chini ya hapo," aliniambia. "Ako na mgonjwa."

"Kama ana mgonjwa atashuka. Niweke kwenye spika."

Akaniweka. Nikamwambia huyo mama nisiyemjua, kwa sauti ya kikazi kabisa, "Mama, huyu akiondoka atarudi kesho na bei ya chini zaidi."

Nikasikia akilia kwa mbali, halafu Bonface akasema tayari. Nilikata simu nikaendelea kunywa chai yangu. Nilijiona mtu hodari wa biashara.

Basi.

Alhamisi ya wiki hii Ngui akapiga.

"Baba, mzee Kaloki amesema twende Jumamosi."

"Jumamosi gani?"

"Hii. Mutheu anaweza kujifungua wakati wowote. Baba yake amesema mtoto akizaliwa kabla ya ntheo, ni wake. Atamwandikisha kwa jina lake, na mimi nitamwona barabarani kama mtu baki. Mbuzi wangu wako sawa?"

"Wamenenepa."

"Asante baba. Hapo sina mwingine wa kutegemea."

Hayo maneno ya mwisho yaliniingia vibaya. Nikafanya kile ninachokifanya siku zote nikibanwa. Nikapiga hesabu ya kile nilichobaki nacho.

Nilibaki na ng'ombe mmoja.

Ijumaa nikampakia kwenye pikapu ya kukodi hadi kwa Guled. Guled ni Msomali aliyezaliwa papa hapa Machakos, na Kikamba chake ni safi kuliko cha mwanangu. Zizi lake liko nyuma ya soko.

"Wi museo, Ndunda?" akanijulia hali.

"Ni museo."

Alimzunguka ng'ombe wangu bila kumgusa. "Huyu ni mgonjwa."

"Ana njaa tu. Mvua ikinyesha utanishukuru."

"Kama itanyesha, mbona wewe unamuuza?"

Nilijifanya sikusikia, kwa sababu macho yangu yalikuwa yamefika kwenye kona ya zizi. Palikuwa na majike wawili wakubwa, manyoya yanang'aa, kiwele kimejaa. Sikio la kushoto la kila mmoja lilikuwa na mikato miwili kwenye ncha. Nilidhani ni kazi ya kupe. Nilimfikiria huyo Kaloki, mwalimu mstaafu anayeenda hata shambani na kalamu mfukoni mwa shati, nikajua hao ndio mbuzi wa kumfunga mdomo.

"Nipe wale wawili na beberu mmoja," nikasema. "Wewe ubaki na ng'ombe."

"Beberu utapata. Wale wawili si wa kuuza. Nimewekewa."

"Umewekewa na nani?"

"Na mwenyewe. Aliuza kwa shida, akanipigia simu akaniomba nimkalie nao mpaka pesa ya kahawa itoke awakomboe. Nikamkubalia."

"Guled, wewe ni mfanyabiashara ama ni shangazi yake?"

Hakucheka. "Kama uko na haraka, kesho asubuhi nitakutafutia wengine kwa Mustaf, muuza mbuzi mwenzangu. Unawapeleka wapi?"

Hapo ndipo ningesema ukweli. Lakini ningesema nini? Ni huyuhuyu Guled niliyemuuzia mbuzi wa mwanangu. Angejua papo hapo. Na hao wa Mustaf nawajua mimi: mbuzi wa kupanga foleni ya kufa.

"Syokimau," nikamdanganya. "Kuna mtu ana sherehe."

"Basi ngoja kesho."

Adhana ya Ijumaa ikasikika. Guled akanawa miguu, akaenda msikitini. Mimi nikamfuata mlinzi wa zizi nikamwambia tumeelewana na bosi wake, ng'ombe anabaki, mbuzi watatu wanaenda. Alikuwa ametuona tukizungumza kwa muda mrefu, akaamini. Yeye mwenyewe ndiye aliyenisaidia kupakia.

Sikuiba. Niliacha ng'ombe. Njia nzima hadi Muthetheni nilikuwa nikijiambia hivyo, na nilipofika nyumbani nilikuwa nimekubali.

Alfajiri ya Jumamosi mvua ikanyesha.

Mvua niliyoingoja tangu Septemba, iliyoniulia ng'ombe wawili kwa kuchelewa, ilikuja baada ya mimi kumtoa wa mwisho. Iliangukia mabati kwa fujo na kwa wingi. Nilikaa kitandani nikaitukana hadi nikaishiwa matusi ya Kiswahili nikahamia ya Kikamba.

Tulifika Kangundo wanne: wazee wawili wa ukoo wetu, ambao kazi yao ni kukubali kwa kichwa, Bonface, aliyekuja kwa ajili ya nyama, na mimi. Ngui alitoka Syokimau peke yake, akatukuta langoni kwa kina Kaloki, amevaa koti la kuazima.

Aliwatazama mbuzi.

"Baba, hawa ni wakubwa sana."

"Nilikuambia wamenenepa."

"Mmoja si alikuwa na doa jeupe kwenye uso?"

"Madoa hupotea mbuzi akikomaa."

Alikubali. Vijana waliolelewa na friji wanaweza kuambiwa lolote kuhusu mbuzi.

Mbuzi walifungwa nje ya ua, kama desturi ilivyo, mpaka mazungumzo yaishe. Sisi tukaingia. Kaloki alitupokea kwa Kiswahili cha mtihani. Mkewe Ndunge alikuwa akipanga vikombe. Mutheu hatukumwona, alikuwa chumba cha ndani, na mlango ulikuwa wazi kidogo.

"Hamjambo nyumba hii," nikasema.

Ndunge aliinua kichwa ghafla.

"Wewe tumewahi kuongea?" akaniuliza.

"Hapana, mama. Ndiyo mara ya kwanza."

Akarudi kwa vikombe vyake, lakini polepole.

Kaloki alianza kunihoji. Hiyo ni haki yake, ila aliifanya kwa raha isiyokuwa ya lazima.

"Mzazi mwenzangu, unafanya kazi gani?"

"Mimi ni mwekezaji."

"Unawekeza katika nini?"

"Mifugo. Nanunua bei ikiwa chini, nauza ikipanda."

"Kumbe wewe ni mlanguzi."

Alilisema kama mwalimu anayemsahihisha mtoto, akiwa na huruma kidogo. Mmoja wa wazee wangu akakohoa ndani ya kikombe. Ngui akatazama viatu vyake.

"Mwalimu," nikasema, "neno hilo si baya. Fungua kamusi."

"Kwani mimi nimesema ni baya?" Uso wake ulichangamka. Nadhani hakuwa amepata mtu wa kubishana naye kuhusu maneno tangu astaafu. "Kitenzi ni kulangua, mtendaji ni mlanguzi. Darasani nilikuwa nawaambia watoto kwamba huyu ni mtu wa kuthubutu. Anaweka mali yake leo kwa kutegemea kesho ambayo hakuna aliyeiona. Babu zetu walibeba pembe za ndovu kutoka huku hadi pwani, wakiwaza watapata nini wakifika. Huenda neno lenyewe walirudi nalo kutoka huko, pamoja na shanga na nguo. Huenda lilikuja baadaye na wenye maduka. Hilo siwezi kukuapia. Lakini ni neno la kiume."

Nilivimba, jamani. Baada ya wiki zote hizi, mtu mwenye elimu alikuwa ameniosha. Nikajuta tu kwamba mke wangu hakuwepo asikie.

"Hilo la kamusi mimi silijui," akasema Ndunge.

Alikuwa amesimama nyuma yetu na birika. Kaloki akakunja uso. Hakuzoea kukatizwa darasani.

"Mimi nalijua la kwetu," Ndunge akaendelea. "Ile njaa ya nikw'a ngwete, mwaka wa themanini na nne, nilikuwa mtoto. Mnakumbuka watu walikuwa wanakufa na pesa mkononi kwa sababu hakuna cha kununua. Baba yangu alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa. Mtu akaja na lori la mahindi, akampa baba bei, baba akakataa. Yule mtu hakuondoka. Alizima lori akakaa barabarani, chini ya kivuli cha gari lake, siku nzima, anakula. Jioni ndugu yangu mdogo akaanza kuzirai. Baba akatoa ng'ombe kwa debe moja. Usiku huo ndiyo mara ya kwanza kusikia neno hilo, baba alimwambia mama. Mtu akija kununua kabla hujalia, huyo ni mnunuzi. Akikaa akingoja ulie, ndiye mlanguzi. Hatukufundishwa na kamusi."

Ningenyamaza hapo ingekuwa vizuri. Lakini nilikuwa nimetoka tu kusifiwa, na mwanamke alikuwa ameniharibia, na mimi nikiharibiwa hujibu.

"Lakini mama," nikasema, "huyo mtu aliwasaidia. Angeondoka ingekuwaje? Angerudi kesho na bei ya chini zaidi."

Aliliweka birika mezani. Alinitazama moja kwa moja usoni, mdomo wazi, kisha akamtazama Bonface, ambaye muda wote huo alikuwa amejificha nyuma ya kofia yake. Sikuelewa. Nilidhani nimemkumbusha ndugu yake.

"Pole," nikasema.

Akakusanya vikombe akavipeleka ndani.

Kaloki akasimama. "Maneno yatosha. Tukawaone mbuzi."

Mbuzi wa ntheo hukaguliwa. Anayechechemea harudi nyumbani peke yake. Anarudi na mliomleta. Kwa hiyo nilitoka nje nimeinua kidevu, maana hao wangu hawakuwa na doa. Kaloki aliangalia meno, kwato, kiwele. Aliguna kwa kuridhika. Kisha akashika sikio la kushoto la jike wa kwanza.

Mkono wake ukasimama hapo. Akashika la wa pili.

"Ndunge, njoo."

Ndunge akaja, akisita kila hatua.

"Unawaona hawa?"

"Ni wa hali ya juu, mwalimu," nikadakia, nikidhani anataka kuwasifu.

"Najua ni wa hali ya juu. Niliwafuga mimi. Hii alama niliikata mimi kwa mkono huu." Sauti yake haikupanda, na hilo lilinitisha zaidi. "Waliibwa hapa kwangu wakati wa kiangazi. Nikamfukuza mchungaji wangu, mtu tuliyekaa naye tangu Mutheu akiwa shule ya msingi, kwa sababu ndiye aliyekuwa na ufunguo wa zizi. Na leo wezi wananiletea mbuzi wangu kama ntheo ya binti yangu."

Wazee wangu wawili walisogea hatua moja mbali nami. Hao ndio watu wa ukoo.

Bonface akanivuta mkono. "Ndunda," akanong'ona, "ni huyu mama."

"Mama gani?"

"Yule wa simu. Yule alikuwa na mgonjwa. Ni hapa."

Hapo ndipo nilipoelewa kila kitu kwa pamoja. Hakuna mwizi aliyeingia kwa Kaloki. Ndunge aliuza mbuzi wa mumewe kwa siri, akamwambia wameibwa. Na mnunuzi nilikuwa mimi.

Nilimtazama. Alikuwa ameshika kanga yake kifuani kwa mikono yote miwili, na macho yake yalikuwa yananiomba. Mimi, niliyemfanya alie kwenye simu, ndiye niliyekuwa naombwa.

"Nitakuuliza mara moja," Kaloki alisema. "Nani alikuuzia? Taja jina. Ukilitaja, nitajua wewe si mwizi, na haya mengine tutayaongea kama watu."

Nikisema ni mkewe, naokoka mimi, na nyumba hiyo inabomoka mbele ya kila mtu. Nikinyamaza, mimi ni mwizi wa mbuzi na mwanangu ni mwana wa mwizi. Mjukuu anapotea kwa vyovyote vile.

Nikachagua jina lisilokuwa na mtu hapo uani wa kulitetea.

"Guled," nikasema. "Wa Machakos."

Mngeona jinsi watu walivyopumua. Mzee wangu mmoja alisema "Aaa, hao," na mwingine akatikisa kichwa kana kwamba alijua tangu mwanzo. Hakuna aliyeuliza swali la pili. Hata Kaloki na kamusi yake yote aliona inatosha. Mtu wao alikuwa amepatikana, anatoka kabila jingine na dini nyingine, na sisi Wakamba wote tukawa safi tena. Niliwadharau kwa urahisi wao, na mimi ndiye niliyekuwa nimewauzia uongo huo.

"Namba yake ninayo," Kaloki akasema, akitoa simu.

Sikuwa nimeliwaza hilo.

Akaweka spika. Guled akapokea, akamsalimia kwa Kikamba, akamuuliza hali ya nyumbani. Kaloki akamkata.

"Umewauza mbuzi wangu kwa Ndunda wa Muthetheni?"

"Sikuwauza, mwalimu. Walitolewa kwangu nikiwa kwa swala. Hao majike nilikuwa nimewekewa na mwenyewe, anangoja pesa ya kahawa."

"Mwenyewe nani? Mwenyewe ni mimi."

Nilisikia ng'ombe akilia kwa mbali kwenye zizi la Guled.

"Mwalimu, hilo jina sitakutajia," Guled akasema. "Nilimpa neno langu. Huyo Ndunda yuko hapo? Mwambie ng'ombe wake amesimama, amekula. Arudishe mbuzi aje amchukue, na asikanyage hapa tena."

Akakata.

Kaloki alibaki ameitazama simu. Alikuwa mwalimu kwa maisha yake yote. Alijua mwanafunzi anapomficha mwenzake.

"Ni mimi," Ndunge akasema.

Hakuna aliyemsogelea.

"Mutheu alipoanza kuvuja damu nilikuambia tumpeleke hospitali. Ulisema nini, Mwalimu? Ulisema aliyempa mimba bila ntheo ndiye alipe. Ukaenda kwa mkutano wa kahawa. Hospitali walitaka pesa kwanza. Nikawauza. Sikusema ni wa nani, nilisema bei. Huyu wa pikipiki alikataa bei yangu, akapiga simu, akamweka huyo mwenzake kwenye spika." Aligeuka akaninyooshea kidole. "Ni huyo. Sauti nimeijua tangu aliposema hamjambo. Nikajiambia hapana, mtu hawezi kunifanyia hivyo halafu aje kuniomba mtoto."

Nikarudi nyuma hadi nikawagonga mbuzi.

Ndani ya nyumba kitu kizito kilianguka.

"Mwaitu," Mutheu alimwita mama yake. "Mwaitu, maji yametoka."

Ndunge akakimbia. Ngui naye akaruka kumfuata, koti la kuazima likapasuka kwapani, lakini Kaloki akafika mlangoni kabla yake, akaweka mkono kwenye fremu.

"Hapa huingii," akasema. Macho yake yalikuwa mekundu, na sikujua anamlilia nani. "Hakuna ntheo iliyoingia boma hili. Hao ni mbuzi wangu."

"Mzee, tafadhali. Ni mtoto wangu."

"Mbuzi wako wako wapi?"

Ngui alisimama pale akihema. Mutheu alilia tena kutoka ndani. Kisha mwanangu akageuka, na ndiyo mara ya kwanza tangu azaliwe kuniangalia bila heshima.

"Baba," akasema. "Hao ni wa mama yake Mutheu. Mimi nilikuachia watatu. Wangu wako wapi?"